Walisema Kurudia ni Bure

Siku ya kwanza kazini niliambiwa nitumbukize mikono ndani ya mfuko mweusi na nisithubutu kuufungua. Ulikuwa mfuko wa kitambaa kizito wenye mikono kama ya koti, na humo ndimo tulimobadilishia filamu, maana filamu ikiguswa na mwanga kabla ya kusafishwa imekufa. Mbele yangu alisimama Mkuu wa Kitengo cha Picha, mwanajeshi wa zamani kutoka kaskazini, mtu wa maneno machache na yote makali.

"Wewe mtoto ya afande, hii kitu hapana fungua mpaka mimi nasema. Nasikia?"

"Ndiyo, afande."

Afande aliyemtaja ni baba yangu, polisi wa kambi ya Nsambya. Nilichukuliwa kwa sababu nilikulia kambini na Kiswahili hakinipigi chenga. Kitengo kilitengeneza filamu za watu wakisimulia maisha yao, na kilitaka mtu wa kuzungumza na askari na Wakongo. Kamera nilijifunza baadaye, kwa kukemewa.

Filamu ilikuwa ghali, tena ilisafishwa ng'ambo. Ulipiga picha leo, ukakaa roho juu wiki nyingi ukingoja ndege irudishe kasha ujue umepata nini. Kwa hiyo Mkuu hakuwasha kamera ovyo. Alimketisha mtu, akamsikiliza asubuhi nzima bila chombo chochote, akauliza, akanyamaza. Kisha akasema, "Sasa," nami nikabonyeza kitufe. Mara moja, basi.

Vijana wanaonitembelea hapa Mengo wakisikia hayo hupiga makofi. Wapo wanaotaka kuirudia filamu, eti ina roho. Wapo wanaowacheka, eti dijitali imetukomboa. Wanabishana sebuleni kwangu mpaka majirani wanachungulia. Mimi nikisikia ubishi huo siwezi kukaa. Huinuka, nikaenda jikoni kukoroga chai ambayo tayari nimeshaikoroga.

Kwa wa filamu nina neno. Tuliwahi kumpiga picha askari mmoja mzee, akatueleza mambo ambayo hakuwahi kuwaambia hata wanawe. Kasha lilirudi jeusi tupu. Mwanga ulikuwa umeingia njiani. Tulipokwenda kumwomba aseme tena tulikuta watu wamekaa matanga. Wanawe walinitazama nikiwa na kamera begani, nikaona aibu ambayo haikuwa yangu. Maji yakimwagika hayazoleki, na hiyo roho ya filamu sikuiona ikimsaidia yule mzee.

Kitengo kilipofungwa nilihamia kampuni ndogo ya watu binafsi. Huko bosi alikuwa Dairekta, kijana mpole wa Kiganda, msomi, mwenye haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Kamera zilikuwa za kadi. Ukimaliza, unatazama papo hapo kwenye skrini. Nilifurahi, sitadanganya. Mgongo wangu ulishukuru.

Basi tukaenda soko la Nakivubo kumpiga picha Mama Neema, muuza vitenge kutoka mashariki ya Kongo. Alikuwa amekubali kueleza jinsi alivyokimbia vita na jinsi mwanawe mdogo alivyomfia porini, akamwacha pale bila hata kumfukia. Hakuna aliyeketi naye kwanza. Tulisimika taa, tukamvalisha mikrofoni, akaanza.

Alieleza vizuri mno. Fundi wa sauti aliinamisha kichwa. Mimi machozi yalinitoka.

"Nzuri sana, maama," Dairekta akasema. "Bambi, tafadhali, turudie kidogo. Kuna taksi imepiga honi."

Akarudia. Mara hii taa ilimulika vibaya. Akarudia tena. Sasa mpita njia alikatiza nyuma yake. Kila mara alikuwa anamfikisha mtoto palepale porini, na kila mara sauti ilizidi kukauka. Nilimvuta Dairekta pembeni.

"Ssebo, bwana, huyu mama anachoka."

"Nnyabo," akanijibu, kwa heshima apewayo mama, "hii si filamu yenu ya zamani. Kadi iko tupu, kurudia ni bure."

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Nilitaka kumwambia, nikachelewa, kwa sababu alikuwa tayari ameinua mkono: mara ya nne. Mama Neema hakuanza. Alitutazama mmoja mmoja.

"Mara ya kwanza hamukusikia?" akauliza. "Ao munataka nimuache tena?"

Soko lilikuwa linapiga kelele zake zote. Nilizima kamera. Sikuomba ruhusa. Kisha nikaketi kwenye marobota ya vitenge karibu naye nikamwambia ukweli, maana hadi hapo hakuna aliyekuwa amemweleza kitu.

"Dada, tulisikia yote. Ile ya kwanza ndiyo. Ila honi ilifunika jina la mtoto. Ukitaka liachwe, tutaliacha."

Alikunja kitenge, akakikunjua, akakikunja.

"Mutoto hawezi kuenda bila jina," akasema. "Nitasema jina. Jina tu."

Dairekta alikuwa amejishika kichwa. "Nisamehe, maama," akasema, na nadhani alimaanisha. Nikawasha. Mama Neema akasema, "Bisimwa." Nikazima.

Muda si mrefu baadaye nilistaafu. Naulizwa, basi bibi, filamu au dijitali? Kama tungekuwa na filamu, jina lile pengine lingebaki chini ya honi, na sisi tungejisifu kwa heshima yetu. Kwa kuwa tulikuwa na kadi, tulimburuza porini bure. Nimeligeuzageuza jambo hili usiku na mchana na halijanipa raha. Ninachojua ni kwamba mwenye maneno aulizwe, na aulizwe kabla ya kamera kuwashwa.

Picha ilipoonyeshwa, katika ukumbi mmoja wa Nsambya, niliketi na Mama Neema safu ya nyuma. Alitazama yote bila kulia. Ilipofika pale, sauti yake mwenyewe ikajaa ukumbini: Bisimwa.

Mama Neema aligeuka haraka kutazama mlango, kama mama aliyesikia mwanawe akiitwa na anangoja aingie. Nami niligeuka.