Ada ya Menta na Kiwanja cha Nyololo

Nimezalisha wanawake wa Mbeya tangu nikiwa binti mpaka mgongo ulipogoma, na miaka yote hiyo nimekaa nyumba za kupanga. Nilipostaafu na kiinua mgongo kuingia benki, nilikitaka kifanye kazi moja tu: nife nikiwa kwangu. Shida ikaja hapa. Kwenye grupu moja la simu kulikuwa na mwanamke wa Iringa aliyefundisha watu kuwekeza kwenye viwanja na nyumba. Watu walimwita menta. Ada yake haikuwa ya mchezo. Nikiilipa, kiwanja ningekisubiri miaka ambayo sina hakika kama ninayo. Nisipoilipa, nilihofia kuuziwa mbuzi kwenye gunia kama wastaafu wenzangu wengi.

Binti yangu hakuzunguka. "Mama, huyo anakula hela za wazee. Ardhi gani inataka tuisheni?"

Mimi si mtu wa kudanganyika haraka. Nimeona waume wengi mno wakiapa mlangoni mwa wodi ya wazazi. Nikampigia menta, nikamwambia najua maneno matamu humtoa nyoka pangoni, kwa hiyo maneno ayaache. Anunue kiwanja mbele ya macho yangu, ndipo nilipe. Nilidhani atakasirika. Akacheka.

"Njoo Nyololo, Mama. Vaa sweta nzito."

Nilishuka barabara kuu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye misonobari na baridi ikinipata mpaka kwenye meno. Menta alikuwa mdogo kuliko sauti yake, amevaa buti za mvua na shuka begani. Wengine waliokuja kumpima kama mimi walisimama wamekunja mikono kwapani. Kiwanja chenyewe kilikuwa shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, miti ya miwati imekizunguka, na kijumba cha tofali za kuchoma kwenye kona ya juu. Mwenye shamba, aliyeishi humo, alikuwa anahamisha familia kwenda Chunya, kufuata dhahabu.

Huko hununui ardhi mpaka uzunguke mipaka. Muuzaji anatangulia, mwenyekiti wa kitongoji anafuata, na kila mnapofika upande wa jirani, jirani mwenyewe anakiri kwa mdomo wake kwamba mpaka ni huo. Asipokiri, mnasimama. Karatasi zinakuja baadaye.

Tulipokuwa tunazunguka, menta alitufundisha. Alituonyesha maji ya masika yanapopita ingawa udongo ulikuwa mkavu, akatueleza kwa nini malori yanasimama upande huu wa barabara na si ule, na kwa nini msingi ukichimbwa pale utakula saruji bure. Alilisoma shamba lile kama mimi nilivyokuwa nasoma tumbo la mjamzito kwa viganja. Nilishangaa, na moyoni nikawa nimeshalipa ada.

Majirani wa chini na wa pembeni wakakiri. Upande wa juu tulimkuta bibi mmoja amekaa kwenye kisiki, amejifunika blanketi. Nyumba yake ilikuwa karibu na kile kijumba, na zaidi ya hapo ni miti tu. Tukangoja akiri. Akajivutia blanketi, hakukiri.

"Bibi huyu masikio yamechoka," muuzaji akasema. "Twendeni tu."

Menta hakwenda. Akachuchumaa kwenye majani yenye umande.

"Kamwene, Bibi," akamsalimia kwa lugha ya huko.

"Kamwene."

Malori yalipanda kilima yakibadili gia, na menta bado amechuchumaa pale.

"Hawa wakiondoka," bibi akasema mwishowe, "mimi nikipiga kelele nani atasikia? Nikifa, nani atakuja kufungua mlango? Wewe utakaa hapa?"

Ingekuwa rahisi sana. "Nitakaa" ni neno moja. Sote pale, na mwenyekiti akiwemo, tulikuwa tunamngoja alitamke tukanywe chai.

"Hapana, Bibi," menta akasema. "Mimi nitajenga fremu za maduka. Jioni watafunga, waende kwao. Siwezi kukudanganya." Akasimama, akamgeukia muuzaji. "Samahani, kaka. Sinunui."

Nyuma yangu mwanamume mmoja akanong'ona kwamba kumbe menta mwenyewe hajui biashara. Nilikuwa nimetoka Mbeya kuja kukamata tapeli, nikamwona mtu anaiacha faida iliyokwisha kumfikia mkononi, mbele ya wateja wake, kwa ajili ya neno ambalo hakuna ambaye angekuja kumdai. Nilimwogopa, nasema kweli. Halafu nikakitazama tena kile kijumba, na moshi unaotoka kwa bibi, na ikanijia wazi kwamba sikuwa na haja ya kuwekeza popote. Nilitaka mtu wa kunisikia nikipiga kelele.

"Mwanangu," nikamwambia menta, "ada yako silipi. Kiwanja nanunua mimi, na nitakaa."

Nilitegemea achukie. Macho yakamlowa.

"Usiniambie mimi, Mama. Mwambie Bibi."

Nikachuchumaa mbele ya kisiki, magoti yakalia. Nikamwambia mimi ni mkunga, nimestaafu, nitakaa peke yangu kwenye kijumba kile, na masikio yangu ni mazima. Akanikagua kuanzia mvi mpaka viatu.

"Na wewe ni mzee tu," akasema. "Sasa hapa nani atamzika mwenzake?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana alikuwa anauliza kweli.

"Atakayebaki, Bibi."

Akaninyooshea mkono nimwinue, akatuonyeshe mpaka.