Tanzia ya Velislava

Mjini Sevlievo, nchini Bulgaria, hakuna aliyepata kidonge kwa Velislava Kuncheva, mwenye duka la dawa, kwa kubembeleza. Dawa inayohitaji cheti cha daktari aliitoa kwa cheti, basi, na mke wa meya aliwahi kurudishwa mikono mitupu mbele ya foleni nzima. Kwenye tovuti ya duka lake aliuza vile tu vinavyoruhusiwa: vitamini, dawa ya mafua, mafuta ya mgongo. Walimsema kuwa ana roho ngumu. Yeye alijibu kuwa dawa si soksi, kwamba ikikubana utairudisha.

Kwa hiyo siku Minka, mke wa Genko fundi viatu, alipoingia dukani na kubwaga kichupa cha vidonge mezani, akidai mumewe ameanguka bafuni na madaktari hawajui alichomeza, Velislava aliapa kuwa hajawahi kukiona. Minka akamsogezea simu. Tovuti ngeni, uso wake mwenyewe: koti jeupe, tabasamu, vilevile kama kwenye tovuti yake. Chini ya uso huo zilipangwa dawa za moyo na za usingizi, ambazo sheria inakataza kabisa kuuzwa mtandaoni. Hata alama ya kijani ya maduka yenye leseni ilikuwapo. Ile ya kweli ukiigusa inakupeleka kwenye orodha ya serikali, ukalisome jina la duka. Hii ilikuwa picha tu.

"Nani anagusa alama, binti?" Minka alisema. "Mimi niliuona uso wako. Nikamwambia Genko, kunywa, huyu tunamjua."

Heri angemtukana. Velislava alipeleka habari polisi na kwa mamlaka ya dawa, nao wakafanya kazi yao. Tovuti ikafungwa, na haikuchukua muda ikafunguliwa tena kwa jina jingine, uso uleule. Washenzi wale walioiba picha yake walikuwa mbali, pengine hata Bulgaria hawakuijua. Lakini waliokuwa wakimeza takataka zao walikuwa hapahapa, majirani zake, na hakujua ni nani. Hilo ndilo lililomkosesha hamu ya kula. Onyo alilobandika kwenye tovuti yake lilisomwa na wale wasiolihitaji.

Ndipo akakumbuka karatasi ambayo hakuna mtu wa mji ule anayeipita bila kuisoma. Karatasi hizo za tanzia zimejaa kwenye milango, vituo vya basi na nguzo za umeme: ukingo mweusi, picha, jina la marehemu. Hata anayekimbilia basi husimama kidogo aone safari hii ni nani.

Dobri, mchapaji wa tanzia, aliipokea picha akavua miwani.

"Velislava, hii ni yako. Na wewe uko hai."

"Ndiyo maana nimekuja kulipa mwenyewe."

Tanzia ilisema hivi: *Picha hii imefariki. Msiililie, msiiamini. Mwenyewe yu hai, yupo dukani. Uliyenunua dawa mtandaoni kwa sababu ya uso huu, usimeze tena, zilete. Hutagombezwa.*

Alizibandika kwa mkono wake, mlango kwa mlango. Mama yake, Tsonka, aliyekuwa amemnunia tangu majira ya kuchipua, alipiga simu kumwambia kuwa anajiitia kifo, na azibandue upesi. Velislava alijibu kuwa habandui hata moja, akaenda kubandika nyingine mlangoni kwa mama huyohuyo.

Watu wakaja. Wengine walipiga ishara ya msalaba walipomwona, kisha wakacheka. Wengine walitoa vichupa chini ya makoti kwa aibu. Velislava alimwelekeza kila mmoja kwa daktari, na vidonge akavifungia kabatini avikabidhi kwa mkaguzi wa mamlaka ya dawa.

Karibu na kufunga, Tsonka aliingia. Alipanga foleni kama mteja yeyote, na zamu yake ilipofika akaweka kichupa mezani.

Velislava alikichukua. "Mama, hiki umekitoa wapi?"

"Kwako," Tsonka alisema. "Baba yako alipokufa nilikuomba dawa ya usingizi, ukaniambia niende kwa daktari. Halafu nikaona unawauzia watu kwenye simu. Nikasema, kumbe wageni anawapa, ila mimi ananinyima."

"Nilikunyima kwa sababu ni dawa ya hatari, mama. Hata leo ningekunyima."

"Najua. Sikulaumu kwa kuninyima." Mama alishika ukingo wa meza. "Lakini hukuniuliza kwa nini silali."

Ilikuwa kweli. Velislava alivua koti jeupe, akamwachia msaidizi wake funguo, akamshika mama mkono kumpeleka hospitali wajue alichokuwa akimeza. Walikuwa hawajafika hata kona ya duka.

"Haya, mama," alisema. "Kwa nini hulali?"