Glavu za Viraka

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa mgonjwa hata mmoja. Matroni alinipeleka chumba cha kutakasia vifaa, akanikabidhi beseni la maji na rundo la glavu zilizokwisha kutumika.

"Ijaze hewa, izamishe majini," alisema. "Ukiona mapovu, ina tundu, tupa. Ukinipitishia yenye tundu, umeua mtu. Umesikia?"

Nyie vijana mnaovua glavu na kuzitupa hapohapo mtanicheka. Sisi tulizifua, tukazipima, tukazipaka poda zisigandane, tukazifunga mbilimbili kwenye kitambaa, ndipo zikaingia otoklevu, mashine ya mvuke unaoua vijidudu. Zikitumika mara tatu, basi. Hospitali yetu ilifundisha madaktari na wauguzi wa kanda nzima, na Mganga Mkuu aliwaleta wanafunzi wake waone nifanyavyo. Nilijivuna, sikatai.

Kisha zikaja enzi za ruksa, za biashara huria. Madukani Moshi mjini kila kitu kikajaa, glavu mpya zikiwemo, ila stoo yetu ikawa tupu. Wagonjwa wakaambiwa waje na za kwao. Mama kutoka kijijini Kahe aliyeletwa na uchungu juu ya trekta atazitoa wapi? Wenzetu nao wakaanza kupunguzwa kazi, majina yakibandikwa ukutani. Matroni mpya akaniletea solusheni, ile gundi ya kuzibia tyubu za baiskeli.

"Ziba viraka. Usitupe hata moja."

"Matroni, kiraka hiki kikipata mvuke kinabanduka."

"Kazi unaitaka au huitaki?"

Nilikuwa na watoto wanne. Nikaziba.

Rafiki yangu Aurelia alikuwa mkunga wa leba, mcheshi, mwenye mikono myepesi kuliko wote. Asubuhi moja alikuja mbio dirishani kwangu, kidole kimefungwa plasta. Alikuwa amejikata jana yake akimenya ndizi. Mama mmoja alikuwa anavuja damu, mtoto amekwama.

"Dada, hizi umezipima?"

"Nimezipima."

Nilikuwa nimezipima kabla ya mvuke. Baada ya mvuke sikuthubutu. Mtoto alizaliwa mzima, mama akapona. Glavu ziliporudi nikaziosha, nikaona kiraka kwenye kidole kilekile cha plasta kimebanduka na ndani mmejaa damu. Nilizitupa, nikanyamaza.

Baada ya miaka kadhaa Aurelia akaanza kukonda. Siku hizo kukonda hakukuhitaji maelezo. Mumewe akapimwa Ukimwi, akakutwa mzima, na hapo ndipo maneno yalipoanza: kama si mume, ni nani? Aurelia aliapa mpaka sauti ikamkauka. Alipofariki, wakwe walikataa azikwe kwenye kihamba chao, lile shamba la ukoo anakozikwa mke. Wakamrudisha kwao Masama. Jamani! Nilisimama pale kaburini, na neno langu moja lingemrudishia heshima yake. Lakini majina yalikuwa bado yanabandikwa ukutani, nami sikulitamka.

Nilipostaafu nilipewa cheti cha utumishi mwema. Nimekiweka chini ya godoro, siwezi kukitazama. Watu husema uzeeni moyo hutulia. Wangu umekataa. Mchana nikikaa peke yangu namsikia Aurelia akiniuliza kama nimezipima.

Mwishowe nikapanda Kibosho kwa mumewe. Nilimkuta uani, mzee sasa, anachambua kahawa. Nilimweleza yote: plasta, kiraka, damu. Mikono yake ikasimama.

"Mbona hukusema siku ile?"

"Niliogopa kufukuzwa kazi."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

Kisha akasema, bila kunitazama:

"Siku zake za mwisho mle ndani aliniomba maji. Nikamwambia akaombe kwa huyo bwana wake."

Nilitaka kumwomba radhi. Yule mzee akalia kwa sauti, kahawa ikimwagika miguuni pake, hakuiokota.

"Nenda kwako, dada," alisema hatimaye. "Ungeniacha tu nife huku namchukia."