Chetezo Mkononi mwa Swaleh

Nilipokuwa mtoto, siku bibi yetu alipotoa onyo lake, chumbani katika nyumba yetu ya mtaa wa Ndia Kuu walikuwapo hawa: bibi mwenyewe, Mwana Sharifa binti Athman; ami yangu Mbarak bin Said, amelala kwenye samadari na kichwa kimefungwa kitambaa, kwa kuwa alikuwa ameanguka ngazini akipaka nyumba chokaa; mdogo wangu Zuhura, aliyekuwa akimpepea; na mimi.

"Kichwa kikipasuka," bibi alisema, "mlango wake hubaki wazi. Pepo mwenye kiu hupita akichungulia. Mbarak asionjeshwe ulevi hata tone. Akionja, pepo ataingia, na ndiye atakayekuwa mwenye nyumba."

Dawa yake ilikuwa moja. Kila alasiri mgonjwa ashike chetezo kwa mkono wake mwenyewe, apite chumba kwa chumba akifukiza ubani, ili pepo aone kwamba nyumba ina mwenyewe.

Ami Mbarak alifukiza siku chache, akaona ni kazi ya wanawake, akaacha. Rafiki zake wakamletea tembo la mnazi wakisema litamtuliza kichwa. Kabla ya hapo hakuwa amewahi kunywa. Baada ya hapo tulikuwa tukimwokota vibarazani, na alipotutukana, bibi alituambia tusimjibu, maana si yeye aliyekuwa akisema. Mimi nilisomeshwa na walimu Waingereza, na kwa muda mrefu maneno yale ya bibi niliyaweka pamoja na hadithi za majini. Zuhura hakuyaweka huko.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwanawe Zuhura, Swaleh bin Omar, kuli wa bandarini, alipigwa kichwani na kulabu ya kreni. Alitoka hospitali akitembea na kusema, watu wakashukuru. Lakini hakuwa Swaleh tuliyemjua. Hasira zake zilikuwa karibu, kichwa kilimuuma mchana kutwa, na alilolifanya sasa hivi alilisahau papo hapo. Vijana wenzake wakampa unga wa kulevya avute, apate nafuu. Hatari ilikuwa hapo: alivuta, akasahau kwamba amevuta, akavuta tena. Siku moja tulimkuta midomo imekuwa ya kijivu na pumzi haisikiki. Tulimkimbiza hospitali, daktari akamrudishia pumzi, kisha akatuambia wazi kwamba ubongo ulioumia hauhimili ulevi kama ubongo mzima, na kwamba safari nyingine huenda tusimuwahi.

"Bibi alisema hayo hayo," Zuhura aliniambia tulipokuwa tukirudi.

"Bibi alisema pepo, Zuhura."

"Na daktari amesema ubongo. Wewe chagua jina, kaka. Mimi naenda kutafuta makaa."

Ikawa kila alasiri, saa ambayo vijana walizoea kumpigia mluzi chini ya dirisha, Zuhura alimpa mwanawe chetezo. Swaleh alisahau hata majina ya shangazi zake, lakini miguu yake ilijifunza njia ile: ukumbini, ngazini, chumbani kwake, chumbani kwa mama. Siku za mwanzo alikitupa chetezo ukutani. Zuhura aliokota makaa kwa koleo, akakijaza, akamrudishia. Majirani walicheka.

"Swaleh, leo u bi harusi?" mmoja alimwita kutoka dirishani.

"Ndiye," Zuhura akajibu, "na wewe hukualikwa."

Alasiri moja nilikuwa nimeketi ukumbini alipokuja Kibwana, rafiki yake Swaleh wa bandarini, kijana mwenye adabu sana.

"Masalkheri, Bi Zuhura. Swaleh yuko?"

"Masalkheri, mwanangu. Yuko, yuwafukiza. Ingia nawe ufukizwe."

"Mimi sina pepo, Bi Zuhura."

"Kila mwenye pepo husema hivyo. Inua mikono."

Akainua. Swaleh akamzungushia chetezo taratibu, kwapa hili na lile, kama anayemtayarisha bwana harusi.

"Vua kofia, moshi uingie kichwani."

Kibwana akasita. Akanitazama nimwokoe, nikanywa kahawa yangu. Alipoivua, kijikaratasi kilichokunjwa kikaanguka kwenye mkeka.

Swaleh alikuwa wa kwanza kukiona. Mkono mmoja ulishika chetezo, wa pili ukaanza kushuka. Nilitaka kuinuka. Zuhura hakuinuka, wala hakupaza sauti.

"Swaleh," alisema, "bado chumba changu."

Alisimama pale jasho likimtiririka, akikitazama kile kijikaratasi. Kisha akageuka, akaenda chumbani kwa mama yake na moshi wake. Zuhura akakiokota, akakitumbukiza katika ndoo ya maji.

"Unga huu haufukizwi," alimwambia Kibwana. "Sasa keti unywe kahawa."

Haikuisha siku ile. Swaleh aliteleza tena, na zaidi ya mara moja, na kila mara Zuhura alianza upya na makaa mapya, bila kumuuliza kwa nini. Mwisho miluzi ilikoma, na unga haukuingia tena nyumbani mle.

Nimefanya kazi na watu wa vyeo na elimu kubwa, wala sikumwona aliyebeba mzigo kama ule kwa utulivu ule. Kama ni pepo au ni ubongo, hadi leo sikati shauri. Ami Mbarak tulimwachia chetezo, tukaenda zetu kucheza na kupika. Zuhura alimpa mwanawe chetezo, akabaki naye nyumbani kila alasiri mpaka moshi ukaisha.

Swaleh bin Omar alifariki kabla ya miaka ya tisini kwisha, kwa kifafa kilichotokana na jeraha lile la kichwa.