Udoni na Samaki Asiye na Kichwa

Wajukuu zangu, na wenzenu mtakaosoma haya, jana mlinipeleka kula udoni, zile tambi nene za Kijapani, hapa Guangzhou, Uchina, nyuma ya jengo la Tianxiu. Mkanionyesha picha ukutani: ya Osaka supu yake nyepesi, ya Tokyo nyeusi kwa soya, nyingine ya mchuzi wa bizari. Zote, mkasema, supu zake huanza na samaki mkavu. Bakuli lilipofika, mvuke wake ulinirudisha utotoni.

Nilikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka. Mama alichemsha samaki mkavu wa moshi aliyemnunua mlangoni, ameshakatwa kichwa na kuchunwa ngozi. Harufu ilijaa nyumba nzima. Baba alitangulia kula, kama ada, sisi tukingoja. Mara akajipapasa mdomo, akacheka.

"Mke wangu, leo umetia pilipili gani? Midomo siisikii."

"Sijatia pilipili," mama akasema. Mimi nilikuwa nimeshaiba kijiko kimoja. Akanidaka mkono kabla hakijafika kinywani.

Baba akataka kuinuka, miguu ikakataa. Alikuwa amekula bunju, samaki wa sumu, ambaye bila kichwa na ngozi humjui. Adhuhuri ilipoadhiniwa alikuwa bado anatutazama, hawezi kusema. Alasiri walikuja kumwosha.

Jana mlinuna nilipoyavuta mabakuli yenu yote mbele yangu. Nuneni. Niliwaambia nyumbani, na hapa naandika: supu ya samaki msiyemwona kichwa naionja mimi kwanza, nanyi mtangoja, hata ikipoa.