Zamu Isiyokuwa Yake

Uvimbe ule niliuona mimi kwanza, na asitokee mtu akajipa sifa hiyo. Ilikuwa Jumamosi jioni, tumekaa kwenye sauna ya shemeji yangu Reino Mattila, uchi kama tulivyozaliwa, mvuke unatuchoma masikio na nje theluji imefika madirishani. Kwetu huku kaskazini mwa Michigan, ukimwoza dada yako kwa Mfini, mtu wa asili ya Finland, ujue umetoa na Jumamosi zako zote.

"Reino, hicho shingoni ni nini?"

"Kitezi."

"Kitezi gani kikubwa kama yai la bata?"

"Siyo mbaya," akasema, akayamwagia mawe maji ili mvuke uninyamazishe.

Siyo mbaya! Mwaka aliokatwa vidole viwili na msumeno msituni alisema maneno hayohayo, huku damu inachuruzika kwenye sakafu ya mama yangu. Mimi ni Armand Beaudry, ukoo wetu ni wa wasemaji, na maisha yangu yote pamoja na mtu yule hayakunizoesha. Mficha maradhi kilio humfichua, nikamwambia. Ikabidi dada yangu Lucille amsukumize garini kama ndama, na huko hospitali wakasema ni saratani ya tezi za limfu, zile za kukinga maradhi, na kwamba hutembea mwili mzima.

Reino alikuwa fundi wa malori ya magogo. Ujana wake aliupitisha jeshini, Thailand, kwenye kambi ya ndege wakati wa vita vya Vietnam. Katika ukumbi wa askari wastaafu pale mjini alikuwa akikaa benchi la mwisho, karibu na makoti. Ukimwita mbele, anakwambia, "Wenzangu walipigana. Mimi nilibadilisha oili." Kwao kujisogeza mbele ni aibu kuliko kuiba.

Daktari ndiye aliyemwambia Lucille kwamba saratani ile imo kati ya magonjwa ambayo serikali huyahusisha na dawa ya kuua majani iliyopulizwa kwenye vita vile, na kwamba Reino anaweza kudai fidia. Basi bwana yule akadai, peke yake, bila kumwuliza mtu. Akaandika kwamba alitengeneza malori katikati ya kambi na hakuwahi kuwa hatarini. Daktari wa serikali alipomwuliza anajisikiaje, akamjibu siyo mbaya. Wakamkataa. Mimi ningekuwa wao ningemkataa pia! Mtu anakwenda kudai haki yake, halafu anawasaidia kumnyima.

Lucille hakulia. Alivaa buti, akampeleka kwa Bi Janine Vuk, mama mfupi aliyekuwa nesi wa jeshi, ambaye sasa anawasaidia askari wastaafu wa wilaya yetu kukata rufaa. Nami nilikuwepo.

"Aliyekanyaga Vietnam haulizwi mengi," Bi Janine alisema. "Wa Thailand lazima aonyeshe alifanya kazi kwenye uzio wa kambi, maana dawa ilipulizwa pale. Bwana Mattila, uliwahi kufanya kazi kwenye uzio?"

Reino aliangalia kofia yake. "Sina la kusema."

"Sina la kusema" siyo "hapana". Hata Bi Janine aliliona hilo. Akamgeukia dada yangu, akasema bila kuzunguka, "Akifa, wewe mjane unaweza kudai. Lakini utatakiwa utoe ushahidi uleule, na mwenye ushahidi atakuwa kaburini." Kipensheni cha Reino kingezikwa naye, nyumba ile ilikuwa na madeni ya matibabu, na dada yangu hakuwa na mtoto wa kumtegemea.

"Basi hafi," Lucille alisema. "Hafi mpaka aseme."

Jumamosi iliyofuata nilimbana. Kwenye sauna Mfini hadanganyi. Kwao ni kama kanisani, ila hakuna nguo. Nikaketi mlangoni.

"Utasema au tutaiva wote wawili humu."

Aliyamwagia mawe maji mara tatu, mpaka nikadhani nitazimia. Kisha akasema. Kambini alikuwa na rafiki, Dewey Spurlock wa Arkansas. Dewey ndiye aliyepangiwa kubeba bomba la dawa mgongoni na kupuliza uzio kila asubuhi. Mvua zilipoanza, ikaja habari kwamba mtoto wake mchanga amekufa nyumbani. Akanyimwa ruhusa ya kwenda kuzika. Dewey akaanza kunywa, na asubuhi hakuweza hata kusimama. Wangemfunga. Basi Reino akawa anaamka mapema, anavaa shati la Dewey lenye jina la Dewey, anakwenda kupuliza uzio, kisha anarudi gereji kufanya zamu yake mwenyewe. Hivyo mvua zote mpaka zikakatika. Akaapa hatamwambia mtu.

"Sasa hivi ni shemasi wa kanisa," Reino alisema. "Wajukuu wake wanajua babu alikuwa askari mzuri. Siwezi kumvua nguo."

Nikapandwa na hasira. "Kwa hiyo umvue dada yangu? Umwache mkeo uchi ili umsitiri mlevi wa Arkansas?"

Alinitazama. Sijawahi kuona macho ya mtu yamechoka vile.

"Ni siri yake," akasema. "Aombwe yeye. Na nitamwomba mimi."

Bi Janine aliipata namba. Reino alikaa jikoni, simu sikioni, amenyooka kama yuko kwenye kiti cha daktari wa meno.

"Dewey. Ni Reino." Nje lori la kusukuma theluji likapita, likarudi. "Ndiyo. Zamani." Akahamishia simu sikio la pili. "Hapana, siyo mbaya."

Lucille akamnyang'anya. "Anaumwa sana! Mimi mkewe. Serikali inasema hakufika kwenye uzio, na anayejua ni wewe tu. Sasa utasema au hutasema?"

Reino akaichukua simu yake kwa upole. "Huna lazima," akamwambia Dewey, akakata. Kisha akatugeukia. "Akija, msimwambie ugonjwa umetoka wapi."

"Kwa nini?" niliuliza.

"Msimwambie, shemeji."

Nikadhani ni tabia yake ya Kifini tu.

Dewey alikuja. Aliendesha pikapu yake kutoka Arkansas hadi Marquette, mji ambako rufaa yetu ilisikilizwa, mzee mrefu mwenye suti ya kanisani na viatu visivyojua theluji. Walipeana mikono na Reino, wakapigana kofi moja la bega, yakaisha. Jaji alikuwa Washington, sisi tukimwona kwenye televisheni ya chumba cha rufaa. Dewey akasimama bila kuambiwa.

"Mheshimiwa, makaratasi yanasema uzio niliupuliza mimi. Ni uongo. Nilikuwa nimelala na chupa. Mwanangu alikufa, nami nikaoza. Huyu hapa alivaa shati langu akafanya kazi yangu, na hakunidai hata asante. Wajukuu zangu sijawaambia. Nitawaambia nikirudi."

Jaji akamshukuru, akamwuliza Reino anaendeleaje. Nilisikia kiatu cha Lucille kikitua juu ya kiatu cha mumewe chini ya meza.

"Usiku natoka jasho mpaka mke wangu anabadilisha mashuka," Reino alisema. "Siwezi kupanda ngazi za nyumba yangu. Siwezi kuinua tairi. Naogopa kumwacha bila kitu." Maneno mengi kuliko aliyosema siku ya harusi yake. Nilitazama dirishani ili nisionekane nalia.

Kisha ikaja zamu ya Bi Janine. Akasoma maoni ya daktari: kwamba mtu aliyebeba dawa ile mgongoni msimu mzima wa mvua, ikimchuruzikia shingoni, kuna uwezekano mkubwa saratani yake imetokana nayo.

"Aliyeibeba mgongoni?" Dewey aliuliza. Akamtazama Reino, na Reino akaangalia kofia yake. Mzee yule akakaa chini polepole, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye shingo yake.

Ndipo nami nikaelewa, mjinga mimi. Siri ya ulevi ilikuwa ndogo. Reino alikuwa anaificha hii.

Jibu lilikuja majira ya kuchipua, wakiwa wamekubali. Madeni ya hospitali yakalipwa, na haki ya Lucille ikawa salama. Reino alipoambiwa alisema "vizuri", neno ambalo sikujua kama analo, akalala. Alifariki kabla ya msimu wa kuwinda paa, nyumbani kwake, dada yangu amemshika mguu chini ya blanketi kwa sababu alikuwa analalamika miguu inapata baridi.

Siku ya mazishi Dewey alikuwa nje ya kanisa, pembeni ya pikapu yake, haingii. Wenzetu walishateremka kwenye ukumbi wa chini kula. Lucille akatoka kumfuata, bila koti, nami nyuma yake.

"Mama," Dewey alisema, kofia mkononi, "lile kaburi ni langu. Sijui nikulipe vipi. Niambie tu nifanye nini, nitafanya, hata kama ni kuondoka sasa hivi."

Dada yangu alimtazama. Nilimjua vizuri, nilidhani atampiga, na nisingemzuia.

"Asubuhi zile alikupa wewe," alisema. "Si mimi niliyekukopesha, kwa hiyo usije kunirudishia. Umepata wajukuu nazo?"

"Saba, mama."

"Basi ingia ndani ule, unitajie majina yao."