Kopo Lililojazwa Pamba

Bi Chausiku alitoka Handeni kwenda Mkumbara kwenye msiba wa kaka yake, na tangu afike hakutulia. Wanawake wa matanga walilala chumba kimoja, mkeka kwa mkeka, nazo dawa zake za virusi vya UKIMWI alizifutika kwenye kibegi, kopo limejazwa pamba lisilie. Jana hakumeza. Kutwa ilikuwa ni kutoka uani, kurudi ndani, kukaa, kuinuka.

Asubuhi uji ulipogawiwa, akageukia ukutani, akatoa kidonge. Bi Munira, mjane wa marehemu, akamwona.

“Wifi, unameza nini kwa kujificha kama mwizi wa sukari?”

“Za presha tu.”

“Alhamdulillahi! Zangu zimeisha, na kichwa kinataka kupasuka. Nipe kimoja.”

Wazee wa kule hugawana dawa kama chumvi. Kumnyima mjane ndani ya matanga ni aibu, na kumpa ni kumdhuru. Chausiku akalibana kopo kifuani.

“Siwezi, wifi. Si za presha. Ni za virusi. Nimejificha miaka, nimechoka.”

Bi Munira akaurudisha mkono, akamtazama, kisha akamsogezea kikombe chake mwenyewe cha uji.

“Basi meza nikuone. Kaka yako nimeshamzika, sina nguvu za kukuzika na wewe.”

Chausiku akameza. Nyuma yake mwanamke mmoja alivuta mkeka wake mbali na wa Chausiku. Aliusikia ukiburuzwa, wala hakugeuka.